Kabari Nne za Mawimbi

Mimi ndiye niliyeyanyoosha yale mabawa. Nianzie hapo hapo, maana nikianza kuzunguka nitaishia kujitetea, na kwa kujitetea sijambo.

Nimekuwa fundi seremala miaka arobaini na mitatu. Mtaani hakuna anayeniita kwa jina langu. Mimi ni Pimamaji, kwa sababu ya kile kifaa chenye kichupa cha maji na kipovu ambacho hakijapata kutoka mfukoni mwa ovaroli yangu. Nikiingia nyumbani kwa mtu, kabla sijakaa, macho yameshapita kwenye fremu za milango. Mke wangu anasema siku nikifa nitawaamuru wanaonibeba wainue kidogo upande wa kushoto. Husema hivyo mbele ya wageni, wageni hucheka, nami hucheka nao, lakini kitu kilichopinda hunikera kama mchanga ndani ya kiatu. Siwezi kukiacha.

Mdogo wangu alikuwa kinyume changu. Yeye ni fundi redio, na watu humwita Mawimbi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na humo ndani meza huioni. Unaona waya, spika zisizo na makasha, vikopo vya skrubu, na redio zilizofunguliwa matumbo. Mtu akileta redio iliyokwisha kutupwa mara mbili, Mawimbi anaigonga kwa kucha, anatega sikio, anaifungua, na kesho yake inaimba. Alifanyaje, sijui. Mimi nilikuwa nikimwambia anabahatisha.

Na alikuwa mzito wa ulimi tangu utotoni. Si kwamba hakuwa na la kusema. Maneno yake yalikuja moja, kituo, la pili, kituo, na mimi niliyemzidi miaka mitatu sikuwa na subira ya kungoja. Dukani nilimsemea. Shuleni nilimsemea. Siku ya kwenda kuposa nilimsemea mpaka baba wa msichana akauliza anayeoa hasa ni nani. Watu walivunjika mbavu, na Mawimbi mwenyewe alicheka. Akifungua kinywa tu, "Kaka, mimi na...," nimeshamalizia: "Unataka kwenda, haya twende." Mara nyingi nilipatia. Hilo ndilo lililoniharibu, kwamba mara nyingi nilipatia.

Sasa hiyo ndege. Zamani, mhandisi mmoja wa mitambo ya redio alipokuwa anahama alimwachia Mawimbi sanduku refu la kadibodi, limepauka, na juu yake picha ya ndege nyeupe yenye mabawa marefu kupita kiasi. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao ya balsa, vyepesi hata ukivishika unajiuliza kama umeshika kitu. Mbavu za mabawa zilizokatwa tayari, kila moja na namba yake. Karatasi laini ya kufunikia. Na michoro mikubwa iliyokunjwa. Ni ndege ya kuchezea, ila si ya watoto. Haina injini. Unaiunga mwenyewe kwa gundi na pini wiki baada ya wiki, unaipandisha kilimani, unaitupa kwenye upepo, halafu unaiongoza kutoka chini kwa kisanduku chenye antena. Ilikuwa ya kizamani hata siku ile alipopewa.

Sanduku lilikaa juu ya kabati la nguo miaka ishirini na kitu. "Nikistaafu," alikuwa akisema, neno moja tu, na mkewe anatikisa kichwa. Mkewe alipofariki, nyumba ikawa kimya, na ndipo Mawimbi akaliteremsha. Akaanza na mabawa. Aliyajenga miezi minane, kila wiki ubavu mmoja au mbavu mbili. Nilimwambia kazi ya mbao aniachie mimi, yeye ashike waya zake. Akanijibu, "Hii... yangu." Nilinuna wiki nzima.

Mabawa yalikuwa yameshakauka gundi, bado kufunikwa karatasi, alipopigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Na ulimi, ule uliokuwa mzito tangu hapo, ukawa mzito mara kumi. Neno moja lilichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Ana mtoto mmoja tu, binti, anayepima damu katika maabara ya hospitali mji mwingine, nusu siku kwa basi. Alikuja, akamuuguza, na baada ya miezi miwili akasema jambo ambalo hata mimi sikuweza kulipinga: baba yake hawezi kuishi peke yake na pasi ya kulehemu ya moto na mkono mmoja. Auze vitu, apangishe nyumba, waende wakakae pamoja. Mawimbi alikataa kwa kichwa. Binti akaeleza tena, akakataa tena. Walivutana siku tatu, mmoja kwa maneno, mwingine kwa kichwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwambia Mawimbi kwamba mkono wa kushoto unaweza kufundishwa kazi ya wa kulia, naye alishikilia hapo. Siku ya tatu akanyoosha kidole ukutani, mabawa yalipokuwa yametundikwa, kisha akajigonga ule mkono wa kushoto.

Binti yake si mjinga. Alielewa kabla yangu. "Sawa, baba," akasema. "Ukiirusha hiyo ndege kwa mkono wa kushoto, ukaishusha nzima, utabaki hapa na karakana yako na mimi sitasema tena. Ukishindwa, tunaondoka pamoja." Akampa wiki sita, ndiyo likizo yote iliyombakia. Wakapeana mikono, wa kushoto kwa wa kushoto. Nilikuwepo, nikashuhudia.

Halafu Mawimbi akanigeukia. Alihangaika na midomo, na safari hii sikuwa na la kumalizia kwa sababu sikulitarajia. "Kaka," akasema. "Malizia."

Lo, nilivyofurahi siku ile! Miaka sitini na kitu, mdogo wangu hajapata kuniomba kazi ya mbao. Nilibeba sanduku na mabawa mpaka kwangu nikiwa natembea katikati ya barabara kusudi watu waone.

Meza yangu ya kazi nimeiranda mwenyewe, ukiweka gololi katikati haiendi popote. Nikalaza bawa la kwanza. Ncha ikainuka. Ukingo wa nyuma, kule mwisho wa bawa, ulikuwa umepinda juu, pengo la kupitisha penseli. Nikalaza la pili. Pengo lile lile, mahali pale pale, penseli ile ile.

Mtu mwenye akili angejiuliza hapo, kosa linawezaje kufanana pande zote mbili? Mimi nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu Mawimbi, hata kukosea anakosea mara mbili. Nikamwonea huruma, nikaona aibu kwa niaba yake, na nikaamua sitamwambia mtu. Nitanyoosha kimya kimya, mambo yaishe.

Chini ya sanduku nilikuta pia vikabari vinne vya mbao, vyembamba, vilivyochongwa vizuri kuliko nilivyomtarajia yeye. Viwili vimeandikwa kwa penseli "kulia" na viwili "kushoto." Fundi redio akiandika kulia na kushoto, wewe ungedhani nini? Nilidhani ni mambo ya spika. Kabati la vyombo la mke wangu lilikuwa linacheza, nikachomeka viwili chini ya mguu wake, likatulia. Viwili vilivyobaki nikavitia kwenye kopo la misumari.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Akaniuliza kama nimemuuliza mwenyewe kuhusu hayo mabawa.

"Nimuulize nini? Kupinda ni kupinda."

"Mimi simo," akasema, akarudi jikoni. Husema hivyo akiwa yumo kabisa.

Basi nikachemsha birika. Nililisogeza kila bawa kwenye mvuke, taratibu, mpaka zile mbao zikalegea, nikalilaza mezani, nikalibana kwa pini, na juu yake nikapanga pasi zote mbili za nyumbani na vipande vya chuma. Siku mbili. Nilipoyatoa yalikuwa yamenyooka mstari mmoja kutoka shina hadi ncha. Nikaweka pima maji, kipovu kikakaa katikati. Nikayafunika kwa ile karatasi, nikapaka vanishi ya kuikaza, karatasi ikavutika ikalia kama ngozi ya ngoma ukiigusa kwa kidole. Baada ya hapo bawa halipindi tena. Vanishi ikishakauka, umbo ulilolipa ndilo hilo.

Kiwiliwili na mkia niliunga mwenyewe, nikifuata michoro mstari kwa mstari. Mchoro wa mabawa sikuufungua. Wa nini, na mabawa yameshaungwa? Niliukunja nikauweka chini kabisa. Zile wiki zilikuwa tamu, sitasema uongo. Asubuhi nafanya kazi za watu, jioni nakata kipande chepesi kama jani, napiga msasa, naunga. Na kila baada ya siku mbili nakwenda kwa Mawimbi kumwona na yeye anafanya nini.

Na yeye alikuwa anafanya. Kisanduku cha kuongozea ndege kilikuwa cha zamani vilevile, kimekufa, naye alikifungua na kuanza kukifufua kwa mkono wa kushoto. Ubao wenye waya aliubana kwenye jiliwa, koleo lake la mezani. Risasi ya kulehemu aliishika kwa meno mpaka binti yake akapiga kelele, ndipo wakamtengenezea kishikio. Wiki ya kwanza aliunguza kidole na kuangusha kila kitu. Wiki ya tatu aliunganisha waya sita bila kukosea. Wiki ya tano alibonyeza, na vile vimota viwili vidogo vya kuvuta usukani wa mkia vikageuka kulia, vikageuka kushoto, vikatulia. Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Nilimwona akijifuta macho kwa kiwiko. Nadhani siku ile na yeye alianza kutamani kushindwa na baba yake.

Zilipobaki siku tatu nilimpelekea mabawa. Niliyafunga kwenye shuka safi, nikayafungulia mapajani mwake kwa madoido yote. Mawimbi akapitisha kiganja juu ya karatasi, akatabasamu. Kisha akaliinua moja kwa mkono wa kushoto, akalielekeza kwenye dirisha, akafumba jicho moja, akatazama kutoka shina kuelekea nchani. Tabasamu likaondoka. Akatazama la pili. Dole gumba likaenda nchani, ukingo wa nyuma, likawa linapapasa pale palipokuwa na lile pengo.

"Kaka," akasema. "Ncha... hizi..."

"Nimezinyoosha," nikamwambia. "Zilikuwa zimepinda. Usijali, sijamwambia mtu."

Akatikisa kichwa. Midomo ikahangaika. "Zi... zili..."

"Zilikuwa zimepinda kwa joto, hapo ukutani, najua. Sasa shwari."

Akanitazama. Akalitazama bawa. Akafungua kinywa tena, na machozi yakamtoka. Daktari alikuwa ametuambia kwamba baada ya kiharusi machozi huwa karibu, yanatoka hata bila sababu. Mimi nilikuwa na sababu yangu tayari: nilidhani ananishukuru. Nikampigapiga begani, nikamwambia ndiyo kazi ya kaka. Aliendelea kunitazama kwa muda, kisha akaweka mkono wake juu ya wangu, akatikisa kichwa, safari hii kwa kukubali. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Jumamosi tulipanda kwenye uwanja ulio juu, nyuma ya tangi la maji, ambapo nyasi zinateremka na upepo unapanda. Tulikuwa wachache: Mawimbi na binti yake, mimi na mke wangu, na kinyozi jirani yake aliyefunga duka kwa saa moja kuja kushuhudia. Mawimbi alikaa kwenye kiti cha jikoni, kile kisanduku kikining'inia kifuani kwa mkanda, dole gumba la kushoto juu ya kijiti. Niliiweka ndege kwenye vidole viwili, ikatulia bila kuegemea popote. Nikamwonyesha. Hakunitazama, alikuwa anatazama nyasi zinavyolala.

Alipoinamisha kichwa, nikapiga hatua tatu nikaisukuma.

Ilikwenda, jamani. Ilitoka mkononi mwangu kama haikuwa na uzito, ikapanda juu ya mteremko, nyeupe, kimya kabisa, hakuna mlio wowote isipokuwa upepo. Mawimbi akaipeleka kulia. Ikaenda kulia. Akaipeleka kushoto, ikainama vizuri, ikanyooka. Kinyozi akasema "Haa," basi. Nilimwangalia mdogo wangu: mdomo wazi kidogo, jicho halipepesi, dole gumba linasogea kidogo kidogo kama anatafuta stesheni. Mkono ule ulikuwa unajua kazi yake. Naapa ulikuwa unajua.

Kisha akaigeuza ili airudishe ishuke. Kugeuka ili kushuka lazima upunguze mwendo, na ilipopunguza mwendo, bila dalili yoyote, ncha ya bawa la kushoto ikadondoka. Ndege nzima ikaifuata, ikajizungusha, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mawimbi alikuwa amekisukuma kijiti upande wa pili mpaka mwisho. Haikusikia. Iliingia ardhini kwa pua, hatua kama mia kutoka tulipokuwa, na sauti yake ilitufikia baada ya kuwa imeshatulia.

Binti yake alipiga magoti mbele ya kiti, akamvua mkanda wa kisanduku shingoni. "Baba, umejitahidi," akasema. "Ila mkono umechelewa. Tulikubaliana."

Mawimbi alitazama mkono wake wa kushoto, kiganja, kisha mgongo wa kiganja. Kisha akanitazama mimi. Nami nikasema, kwa sauti kubwa, kwamba upepo ulibadilika ghafla. Binti akaniuliza kwa upole, "Upepo gani, baba mkubwa?" Nyasi zilikuwa zimelala upande ule ule.

Kesho yake, Jumapili mchana, nilimwaga mabaki mezani kuona kama kuna cha kuokoa. Nilitaka kupima urefu wa bawa lililovunjika, ndipo nikaufungua ule mchoro wa mabawa kwa mara ya kwanza. Pembeni, juu, palikuwa na picha ndogo: bawa likitazamwa kutoka nchani. Chini ya ukingo wake wa nyuma, kabari. Kabari nyembamba, umbo lile lile, na mstari wa kuonyesha urefu wake, na kando yake penseli ya Mawimbi imechora duara mara mbili. Bawa linaungwa likiwa limekalia kabari. Linatakiwa lipinde.

Sihitaji kujua lugha yoyote kusoma mchoro, ndiyo kazi yangu. Niliketi nikaufikiria mpaka nikaelewa. Ndege ikienda polepole, sehemu ya katikati ya bawa ndiyo inatangulia kuchoka, na ncha, kwa kuwa zimepinda vile, zinaendelea kushikilia hewa na kuiweka sawa. Ukizinyoosha, ncha ndizo zinaachia kwanza. Na ncha moja ikiachia, hakuna mkono duniani, wa kulia wala wa kushoto, utakaoirudisha.

Nilikwenda jikoni nikapiga magoti mbele ya kabati la vyombo. Nikazichomoa zile kabari mbili. Vikombe vikagongana. Mke wangu alikuwa anakata vitunguu, akaacha. Alizitazama mkononi mwangu, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakusema kwamba alisema.

"Nenda ukamwambie," akasema. "Hawajaondoka."

Lori la kubebea vitu lilikuwa linakuja Alhamisi. Nilikuwa na siku nne. Jumatatu nilijiambia acha kwanza wapoe. Jumanne nilikuwa na mlango wa mteja. Jumatano nilikwenda, nimejikaza, kabari zote nne zimo mfukoni. Nikamkuta binti anapanga vikopo vya skrubu kwenye katoni, na Mawimbi amekaa pembeni, mkono wa kushoto umelala pajani, karibu na wa kulia, hauna tofauti nao. Binti akaninong'oneza kwamba tangu Jumamosi hajafanya mazoezi, hata kijiko anataka kulishwa. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Mimi, niliyesemea watu maisha yangu yote. Badala yake nikasema kabati hilo la vitabu msilibebe hivyo, litapasuka, lilazeni. Nikashika kona moja, nikalibeba mpaka nje.

Alhamisi lori likaondoka. Mawimbi alikaa mbele, kati ya dereva na binti yake. Aliniinulia kidevu.

Nilikaa na jambo hilo moyoni miezi minne. Wenye kukonda hukonda, mimi nilinuna. Niligombana na wateja, nikamwachisha kazi mtu kwa sababu ya bawaba. Chumba cha mbele cha Mawimbi kilipangishwa, sasa wanauza makava ya simu, na kila nikipita naona rafu zimepigwa upande na siingii kuzirekebisha. Mwishowe mke wangu akanikatia tiketi ya basi bila kuniuliza, akaiweka juu ya sahani yangu mahali pa chakula.

Wanakaa ghorofa ya tatu. Binti yake alinifungulia, akanikaribisha kwa furaha, akaniambia baba mkubwa umepotea. Sebule ni safi, viti vya vitambaa, televisheni bapa ukutani. Hakuna waya hata mmoja. Mawimbi alikuwa dirishani, amenyolewa vizuri, blanketi mapajani. Alifurahi kuniona, na hilo lilinichoma zaidi.

Sikungoja chai. Nilizitoa kabari, nikazipanga mbele yake juu ya meza ndogo, kulia mbili, kushoto mbili. Nikamwambia yote: mvuke, pasi, mchoro niliokunja, kabati la vyombo. Nikamwambia mkono wako haukuchelewa, ndege ndiyo isingeweza kuruka, niliiua mimi kabla hujaishika. Nikamwambia nilijua tangu Jumapili, na Jumatano nilikuja, na nikabeba kabati. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe. Sikumtazama.

Mawimbi alinyoosha mkono wa kushoto. Ulikuja polepole, umeshasahau kazi yake. Akagusa kabari moja kwa kidole, akaisogeza ikalingana na mwenzake.

"Nili...," akasema.

Nilikuwa na maneno kumi tayari mdomoni. Nilisikia. Nilishangaa. Nilikusamehe. Nikang'ata ulimi, kweli, mpaka nikasikia chumvi, nikangoja.

"Nili... jua."

Bila shaka alijua. Alilitazama lile bawa dirishani kwa jicho moja. Aliniambia, siku ile ile, mara mbili, nami nikammalizia. Nikamuuliza: kama ulijua, na nyumba yako ilikuwa imening'inia pale, karakana yako, kila kitu, kwa nini uliirusha?

Alianza kujibu. Nje magari yalipita, taa ya barabarani ikabadilika, ikabadilika tena. Kila neno lilipokwama nilikaza magoti kwa mikono yote miwili. Ilichukua muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuamini, na sikuongeza hata herufi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwacha mdogo wangu afike mwisho wa alichotaka kusema, mimi nina miaka sitini na tisa na yeye sitini na sita.

"Nili... dhani," akasema Mawimbi, "labda... wewe... ndiye... unayejua."

Binti yake aliliweka sinia chini, akarudi jikoni. Mimi nilikaa pale. Sikuwa na la kumalizia.